Ikulu ya Dar es Salaam: Sura ya Pwani, Mikono ya Wengi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Imekuwa ada katika familia zetu kupelekeana picha za majengo ya kale ya pwani. Miongoni mwa picha hizo iko moja isiyokosekana: jumba jeupe lenye safu za matao na varanda pana, limezungukwa na bustani, na bahari iko karibu. Chini ya picha hiyo aghalabu huandikwa kuwa ni kasri ya masultani wetu wa Dar es Salaam. Jumba hilo ni Ikulu, na hakuna sultani hata mmoja aliyepata kulala humo akiwa mwenye nyumba. Lilianzishwa na Wajerumani, likavunjwa na Waingereza, likajengwa upya na Waingereza hao hao, kisha likarithiwa na taifa huru lililolipa jina la Kiafrika kutoka bara.

Nimeona ni wajibu kuyaandika haya kwa utaratibu, kwa sababu vijana wetu waliozaliwa ugenini huijua pwani kwa picha zaidi kuliko kwa macho. Anayeisoma picha vibaya huirithi historia vibaya, na historia ya namna hiyo humfanya mtu adai kisichokuwa chake, na papo hapo akapoteza kilichokuwa chake kweli.

Kasri iliyotoweka

Sultani alikuwa na kasri Dar es Salaam, lakini si hiyo. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said, mwana wa Seyyid Said, aliamua kujenga mji mpya ng'ambo ya Unguja, penye bandari tulivu karibu na kijiji cha Mzizima. Waliosoma Kiarabu wanajua kuwa neno dar ni nyumba au makao. Basi mji huo wenyewe ulipewa jina la nyumba kabla haujawa na nyumba nyingi. Seyyid Majid alijenga kasri yake ikitazama bandari, na karibu yake akajenga jengo la wageni.

Alifariki mwaka 1870, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mji wake ulikuwa haujatimia. Ndugu yake Seyyid Barghash, aliyemrithi, hakuwa na hamu nao. Moyo wake ulikuwa Unguja. Kasri ya Majid ikaachwa, ikala mvua na jua hadi ikatoweka. Kilichobaki ni lile jengo la wageni, ambalo leo huitwa Boma la Kale, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi. Mwenye kutaka kugusa kwa mkono wake ukuta wa zama za Seyyid Majid katika Dar es Salaam, na aende hapo.

Na tukitaja ukuta huo, haki inatulazimu kutaja na mikono iliyoubeba. Mji wa Seyyid Majid ulijengwa katika zama za utumwa, na watumwa walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi humo. Sisi tulioko Afrika Kusini hatuna udhuru wa kulisahau jambo hili, kwa sababu tunaishi pamoja na Wazanzibari wa Durban. Wazee wao, wengi wao Wamakua, waliokolewa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi ya biashara ya utumwa na kuletwa Natal kuanzia mwaka 1873. Baadaye utawala wa ubaguzi wa rangi uliwahesabu kuwa ni Waasia wa namna nyingine, na katika miaka ya 1960 ukawahamisha kutoka King's Rest hadi Chatsworth. Wao nao ni kizazi cha pwani hiyo hiyo. Mjukuu wa mwenye kasri na mjukuu wa mbeba mawe wanaweza kusali leo katika safu moja ya msikiti mmoja, wala mmoja asijue kuwa historia ya mwenziwe ni nusu ya historia yake.

Nyumba hujengwaje pwani

Kabla ya kuendelea, yafaa nieleze kidogo ufundi, kwa sababu ndani yake mna ushahidi. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa matumbawe, na vipande vyake hushikwa kwa chokaa inayopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo katika tanuru la kuni. Dari na sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko. Boriti njema haizidi sana mita tatu, na kwa hiyo vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba: mti ndio uliopima upana wa chumba. Hata tajiri mwenye mali nyingi hakuweza kuamrisha mkoko urefuke.

Ukiingia katika jumba lenye matao ya Kiarabu na ukakuta ukumbi mpana usiokuwa na nguzo katikati, jua kuwa humo mmeingia chuma au zege. Sura ni ya pwani, lakini mifupa imetoka kwingine.

Chokaa nayo ina siri yake. Huvuta unyevu na kuuachia, mithili ya ngozi ya mwanadamu, na huhitaji kupakwa tena na tena. Saruji haiwi hivyo. Ukuta wa matumbawe ukifunikwa kwa saruji hufungiwa maji na chumvi ndani, na baada ya miaka huanza kumong'onyoka kutoka ndani, ilhali nje unaonekana mzima. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini anayeuziba ufa kwa kitu kisichoafikiana na ukuta, atajenga vile vile.

Mizinga, kisha ramani

Sasa tuvuke bahari kwenda Unguja, kwa kuwa huko ndiko ilikoanza desturi iliyoizaa Ikulu ya Dar es Salaam. Makazi rasmi ya masultani yalikuwa Beit al-Sahel, nyumba iliyoanzia zama za Seyyid Said, na ubavuni mwake zilisimama Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib, hii ya mwisho ikiwa imejengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na fahari. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 waliishika Zanzibar chini ya himaya yao. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikafungua mizinga. Vita haikutimiza saa moja. Beit al-Hukm ikaharibika na haikujengwa tena. Beit al-Sahel nayo ilivunjika vibaya, ikajengwa upya. Mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ulivunjwa, na saa ikapata mnara mpya katika uso wa jumba lenyewe.

Tangu siku hiyo, sultani aliishi katika nyumba iliyotengenezwa kwa idhini ya yule aliyeivunja. Na haukupita muda mrefu, mwakilishi wa Uingereza naye akajengewa nyumba yake. Mchoraji wake alikuwa John Houston Sinclair, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyekuwa amesomea usanifu wa majengo. Nyumba hiyo ilikamilika mwaka 1903, nayo ndiyo Ikulu ya Zanzibar ya leo. Sinclair aliyapenda matao, kuta za ncha ncha na kuba, na akayatumia katika majengo ya serikali moja baada ya jingine: Mahakama ya Vuga, na baadaye Beit al-Amani, iliyofunguliwa mwaka 1925 kuwa makumbusho. Alichukua sura za Unguja, za Misri na za Maghribi, akazichanganya kwa ladha yake mwenyewe.

Hivyo, mengi katika yale tunayoyaita majengo ya Kiarabu ya Zanzibar yalichorwa na Mwingereza.

Jumba la gavana

Turudi Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wajerumani waliuhamisha mji mkuu wa koloni lao kutoka Bagamoyo na kuuleta hapo. Katika miaka iliyofuata wakajenga jumba la gavana upande wa mashariki wa mji, mahali panapopata upepo wa bahari. Hao nao walikuwa wamekwisha kuonja sura ya pwani: hospitali yao ya Ocean Road, iliyojengwa mwaka 1897, ina vikuba ambavyo mgeni angevidhania vya msikiti.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Gavana Heinrich Schnee alihamishia serikali Morogoro. Manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga mwaka huo, na jumba la gavana likapata madhara makubwa. Mnamo Septemba 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam, na pamoja na mji wakaipata nyumba waliyoivunja wenyewe.

Natija yake ilikuwa ile ile ya Unguja. Katika muda wa miaka 18 manowari za taifa moja zilizipiga nyumba mbili za watawala wa pwani, na mara zote mbili taifa hilo hilo likaleta ramani ya kuzitengeneza. Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, alihitaji makazi, na mwaka 1922, mwaka ambao Shirikisho la Mataifa lilithibitisha udhamini wa Uingereza juu ya nchi hiyo, jumba lilisimama tena mahali pale pale. Mchoro ulikuwa wa Sinclair.

Nimejiuliza mara nyingi: kwa nini matao? Dar es Salaam haikuwa na sultani wa kuridhishwa. Jibu langu ni kwamba mtawala mgeni alitaka nyumba yake ionekane kana kwamba ilikuwapo siku zote. Mjerumani alikuwa ameondoka, na Mwingereza hakutaka aonekane kuwa ni mgeni wa pili. Kanzu ya pwani ilikuwa tayari, imekwisha kushonwa Unguja, akaivaa.

Mfano wa huku kwetu

Ili jambo hili lionekane wazi, tazameni mji huu tunaoishi. Mwaka 1901 Alfred Milner, Kamishna Mkuu wa Uingereza, alikaa Parktown katika nyumba iitwayo Sunnyside, iliyojengwa katika miaka ya 1890 kwa ajili ya mhandisi wa migodi wa Kimarekani, Hennen Jennings. Leo ni hoteli, na yeyote kati yenu anaweza kwenda kuiona. Milner ndiye aliyemwita Johannesburg msanifu Herbert Baker, ambaye alijenga nyumba yake mwenyewe juu ya ukingo wa Parktown kwa mawe ya kilima hicho hicho, na baadaye akachora Union Buildings za Pretoria. Baker huyo ndiye aliyekuja kuchora nyumba za gavana za Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1920. Mtu aliyezoea kazi zake hapa Johannesburg, akisimama mbele ya Ikulu ya Nairobi, atautambua mkono wake.

Baker aliwajengea watawala nyumba zenye sura ya kwao, na hakuna mjukuu wa Kiafrika aliyepata kuitazama nyumba ya Parktown akadhani ilijengwa na babu yake. Sinclair aliwajengea watawala wale wale nyumba zenye sura ya kwetu, na baada ya miaka mia moja tunagombania heshima ya kuwa wenye nyumba. Madaraka yalikuwa yale yale. Vazi ndilo lililokuwa mbali.

Jina na warithi wapya

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri. Jumba la gavana likawa la Rais. Jina lililoshika ni Ikulu, nalo halikutoka Uarabuni wala mrima. Ni neno la bara, la Wanyamwezi na jirani zao, lenye maana ya makao ya mtemi. Kwa maoni yangu hayo yalikuwa matengenezo makubwa kuliko yote yaliyofanywa katika nyumba ile, wala hayakuhitaji jiwe hata moja. Hata Afrika Kusini wamefanya vivyo hivyo: mwaka 1995, katika zama za Mandela, nyumba ya Pretoria iliyoitwa Libertas, iliyojengwa mwaka 1940, ilipewa jina la Kitsonga la Mahlamba Ndlopfu, lenye maana ya mapambazuko mapya.

Mwalimu Nyerere alichagua kuishi katika nyumba yake ya Msasani, na Ikulu akaifanya mahali pa kazi na pa kupokea wageni wa taifa. Alifundisha kuwa Ikulu ni mahali patakatifu, isiyofaa kugeuzwa pango la walanguzi. Maneno hayo yamebaki katika vinywa vya Watanzania zaidi kuliko habari yoyote ya chokaa au rangi.

Upande wa Unguja, makazi ya sultani yalikoma kuwa makazi tarehe 12 Januari 1964. Sultani Jamshid bin Abdullah aliondoka kwa njia ya bahari, na Beit al-Sahel ikaitwa Kasri ya Watu, kisha mwaka 1994 ikafanywa makumbusho. Familia nyingi zinazosoma makala hii huhesabu uhamaji wao tangu siku hiyo au tangu miaka iliyofuata. Sitazungumza hapa juu ya machungu yake. Yana mahali pake. Nasema tu kwamba Sultani Jamshid alifariki Oman mwishoni mwa mwaka 2024, na kwa kufariki kwake amekwenda mtu wa mwisho aliyekuwa na haki ya kusema, kwa maana halisi ya maneno, kuwa mojawapo ya nyumba hizo ilikuwa nyumba yake.

Historia haikuishia hapo. Serikali ya Tanzania ilipohamia Dodoma, Ikulu mpya ilijengwa Chamwino. Ujenzi ulianza katika zama za Rais Magufuli, na tarehe 20 Mei 2023 ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi, Unguja. Na sura yake? Ni ile ile ya Dar es Salaam: matao, weupe na varanda. Sura iliyobuniwa na ofisa wa kikoloni kwa kuiga pwani sasa imepelekwa bara kabisa, mamia ya kilomita kutoka baharini, na Watanzania wenyewe wakaichagua kuwa alama ya dola yao. Hapo ndipo madai ya asili yanapokwisha nguvu. Sura hiyo sasa ni ya wale wanaoitunza.

Amana iliyobaki mikononi mwetu

Kutunza ni jambo zito. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, iliyostahimili mizinga ya 1896, iliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wa saa, nayo ikiwa katika matengenezo. Watu wawili walipoteza maisha. Mji Mkongwe ulikuwa umeandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Hapa Afrika Kusini sheria ya urithi ya mwaka 1999 hulilinda kila jengo lililozidi miaka 60, lisibomolewe wala kugeuzwa bila kibali. Sheria ni njema, na orodha ni njema, lakini ukuta haujui kusoma. Ukuta humjua fundi.

Na fundi ndiye aliyesahauliwa katika habari hii yote. Riziki yangu niliipata kwa ukarani, na miaka mingi nilipanga majalada ya matengenezo ya majengo. Jalada la namna hiyo huhifadhi bei ya saruji, idadi ya mabati, sahihi ya ofisa na tarehe ya malipo. Mchoma chokaa, mchonga mlango, aliyepanda juu ya kiunzi kwa miguu mitupu kupaka ukingo wa tao, hao huandikwa kwa tarakimu: vibarua kadhaa, siku kadhaa. Tunalijua jina la Sinclair. Waliolisimamisha tao lake tunawajua kwa jumla tu: wana wa pwani, wana wa bara, mafundi wa Kihindi.

Kwa hiyo, atakayepeleka tena ile picha, namuomba aandike chini yake maneno haya: Ikulu ya Dar es Salaam, ilijengwa na Wajerumani, ikapigwa na manowari za Waingereza mwaka 1914, ikajengwa upya mwaka 1922 kwa ramani ya J. H. Sinclair, na mikono ya mafundi ambao hatukuyahifadhi majina yao. Maneno hayo ni machache, yanamtosha kijana, wala hayamdhulumu mtu.

Na ikiwa katika nyumba yenu yuko mzee anayekumbuka kuwa baba yake au babu yake alikuwa fundi, mpishi, tarishi au mtunza bustani katika mojawapo ya nyumba hizi, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, mkalisheni leo, mwandike jina lake, la baba yake, na kazi aliyoifanya. Majalada ya serikali hayataifanya kazi hiyo kwa niaba yetu. Hilo ndilo fungu letu katika nyumba zile, na hakuna wa kutunyang'anya ila usahaulifu wetu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.